Kabla hujaiomba IRS ikupunguzie deni

(Maongezi kwenye mkutano wa jumuiya, Columbus, Ohio. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema kwa ajili ya waliokuwa kazini.)

Wazee shikamooni, na nyie wengine habari za jioni. Najua wengi mmetoka shifti na wengine mnaingia saa tano usiku kwa hio sitazunguka sana. Mwenyekiti kaniomba niongelee hili la "kusamehewa kodi" manake anasema kila wiki kuna mtu anampigia simu, kasikia redioni kwamba ukidaiwa na IRS, idara ya kodi ya serikali ya Marekani, unalipa kidogo tu halafu wanafuta mengine yote. Ipo kweli. Jina lake rasmi ni Offer in Compromise, mimi nitaita ofa tu. Unaiambia serikali, nadaiwa dola elfu 46, siwezi kulipa hata nikifa, chukueni elfu 13 tuachane. Wakikubali, ukamaliza hio elfu 13, deni la ile miaka limekwisha.

Mwaka wa fedha 2023 IRS walipokea ofa elfu 30 na kidogo, wakakubali kama 12,700. Hesabu hizo haziendi sambamba kabisa manake nyingine zinavuka mwaka, ila picha mnaipata, wengi hawakupata. Na kwa ninavyoona mimi kwenye kazi hii, wanaokosa wengi wao wala sio kwamba hawakustahili kuonewa huruma, ni kwamba walituma makaratasi kabla hawajajipanga, au hawakuelewa kabisa kinachoangaliwa.

Kinachoangaliwa ni kimoja. Serikali inajiuliza: huyu mtu tukimfuata kwa nguvu zetu zote, tukachukua kilicho benki, tukauza gari, tukakata mshahara, mpaka muda wa kumdai uishe, tutapata shilingi ngapi? Ofa yako ikifika kwenye hio namba wana sababu ya kukubali, ikiwa chini hawana. Basi. Hii sio Kariakoo kwamba unataja bei ya chini kwanza ili mkutane katikati. Kuna mtu alikuja na barua kurasa nne jinsi alivyoteseka tangu kambini Kigoma mpaka hapa, barua inatoa machozi, lakini kwenye ukurasa wa mali aliacha wazi. Afisa hana pa kuandika machozi, ana kisanduku cha gari na kisanduku cha benki. Kweli kuna mlango wa watu wenye hali maalumu, mgonjwa, mzee ambaye ukimwuzia nyumba atalala nje, na mlango mwingine wa mtu ambaye kweli hadaiwi, huo una fomu yake 656-L. Ila wengi wenu mtapita mlango wa kawaida, wa kutokuwa na uwezo wa kulipa, na huo ndio ninaouongelea.

Sasa kabla ya hesabu yoyote. Lazima uwe umefaili, yaani umepeleka hesabu yako ya kodi, miaka yote uliyotakiwa kufaili. Yote. Kama 2021 hukufaili kwa sababu ulikuwa unabadilisha kazi na hukuona maana, ofa yako itarudishwa hata haijasomwa, na ikirudishwa hivo huna pa kukata rufaa. Hapa ndio nataka nikae kidogo manake naona madereva wa malori wamejaa pale nyuma.

Dereva anaendesha kwa kampuni, anapewa 1099, karatasi ya malipo ya mtu asiye mwajiriwa, na kwenye karatasi imeandikwa alilipwa dola 140,000. Yeye mwenyewe hajaziona hizo hela. Imetoka dizeli, imetoka lisi ya kukodi lori, bima, dispacha anayemtafutia mizigo kachukua asilimia zake, matairi, toli za barabarani, mwisho wa mwaka mfukoni imebaki labda elfu 38. Anaogopa, hafaili. Sasa IRS nakala ya ile 1099 wanayo, wanasubiri weee, halafu wanakufailia wenyewe. Na wakikufailia wao hawakuwekei dizeli wala matairi, wao wanajua 140,000 umeingiza basi unadaiwa kodi ya 140,000, juu yake ile ya kujiajiri ya asilimia 15.3, juu yake faini ya kutofaili ambayo ni asilimia 5 kila mwezi mpaka ifike 25, faini ya kutolipa, riba inayojumlishwa kila siku. Barua inakuja inasema unadaiwa elfu 60 na kitu. Mtu anakimbilia kuomba ofa! Ndugu yangu, huo mwaka bado hujausema wewe. Tafuta risiti, tafuta stetimenti za benki za mwaka ule, kadi ya mafuta ina rekodi, kampuni ina setlementi za kila wiki, zile karatasi za malipo na makato yako, waombe, ufaili ritani yako mwenyewe yenye matumizi yako. Nimeona deni likishuka kuliko ofa yoyote ambayo ungeweza kuipata, na bila kumpigia mtu magoti. Baada ya hapo ndio tuone kilichobaki kama kinahitaji ofa.

Kama huna ile 1099, au W-2 ambayo ni ya mwajiriwa, usihangaike kumtafuta bosi wa 2019 ambaye kampuni yake imeshafungwa. Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya IRS, mle ndani kuna transkripti za kila mwaka zinazoonyesha nani aliripoti amekulipa nini. Ukishindwa na simu mwambie mtoto, ila ukae naye hapohapo, usimwachie namba yako ya sosho (Social Security) akaenda nayo chumbani. Na ukiwa mle angalia pia anwani yako. Sisi tunahama sana, kodi ya nyumba ikipanda tumehama, barua ya IRS inaenda kwenye aparitimenti ya miaka mitatu nyuma anaipokea mtu mwingine anaitupa. Fomu 8822 ndio ya kubadilisha anwani, ni fupi.

La pili, mwaka huu tulionao. Huwezi kuomba wafute ya zamani huku unatengeneza mpya. Kama unapewa 1099, wewe wa Uber, wewe wa lori, mama unayesuka nywele nyumbani, unatakiwa uwe unalipa kidogo kidogo, Aprili, Juni, Septemba na Januari. Kama una W-2 hakikisha wanakukata vya kutosha, acha ule mchezo wa kujiandikia hali ya kifamilia isiyo yako ili cheki iwe nono. Na wenye biashara zenye wafanyakazi, zile nyumba za kutunza wazee, lazima makato ya wafanyakazi yawe yamepelekwa kwa robo hii na robo mbili zilizopita. Na kama uko kwenye kufilisika mahakamani bado haijaisha, ofa ngoja kwanza.

Haya, tufike kwenye hesabu yenyewe, nitatumia mtu wa kutunga ili asitafutwe hapa ukumbini. Huyu mama anadaiwa elfu 46. Ana gari lenye thamani ya 12,000. IRS hawachukui 12,000, wanachukua asilimia 80, yaani kama ukiliuza harakaharaka, inakuwa 9,600. Mkopo wa gari umebaki 5,000, inabaki 4,600. Halafu fomu ya mali na kipato utakayojaza inakuruhusu utoe 3,450 kwenye gari, inabaki 1,150. Benki ana 1,800, wanakuachia 1,000, inahesabiwa 800. Mpaka hapo mambo mazuri.

Sasa fomu ina swali, una mali yoyote nje ya Marekani? Naona watu mnaangaliana. Huyu mama ana kiwanja Kibaha, thamani ya kama dola 10,000. Kinaingia. Asilimia 80, elfu 8. Najua mtasema IRS watajuaje kiwanja cha Kibaha, na kweli labda afisa hatapanda daladala kwenda kukiona. Ila unasaini ile fomu ukiapa kwamba yote ni kweli, na stetimenti zako za benki unazoambatanisha zina mistari ya Western Union, Remitly, WorldRemit, mia nane, elfu moja na mia mbili, kila mwezi, anakuuliza hizi zinaenda wapi utamjibu nini? Ofa iliyokubaliwa kwa uongo inafutwa na deni lote linarudi, na hapo sasa wewe sio mdaiwa tena, wewe ni mtu aliyedanganya serikali kwa kiapo. Tena usije ukapata akili ya kuhamishia kwa kaka wiki moja kabla. Fomu inauliza kama ndani ya miaka 10 umempa mtu mali ya zaidi ya dola 10,000 kwa bei ya kutupa. Na akaunti za nje kama jumla yake ilizidi dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, hio ina ripoti yake nyingine kabisa inaitwa FBAR, na faini zake zinatisha kuliko hizi, kwa hio mwenye akaunti CRDB au Equity ya maana aniambie pembeni.

Kiwanja kinaweza kubishaniwa thamani yake. Kama hakina hati, kama ni cha familia watu sita, kama kuna mgogoro na jirani, andika hivo na uambatanishe karatasi ya mthamini au ya serikali ya mtaa. Kukieleza ni haki yako, kukificha ni shida. Na pesa yako iliyoko kwenye mchezo, upatu, chama, kama zamu yako haijafika na wenzako wanakudai au unawadai, ieleze pia.

Halafu kipato. Huyu mama familia inaingiza 5,200 kwa mwezi. Matumizi yanayokubalika 4,950. Inabaki 250. Kama anataka kulipa ofa kwa mkupuo, maana yake ndani ya miezi mitano na isizidi malipo matano, wanazidisha hio 250 mara 12, elfu 3. Akitaka kulipa polepole mpaka miezi 24 wanazidisha mara 24, elfu 6. Jumla ya mkupuo basi, 1,150 na 800 na 8,000 na 3,000, ni 12,950. Ya polepole ni 15,950. Ndio namba yake hio, akiandika elfu 2 kwa sababu tangazo la redio lilisema senti tano kwa kila dola, itarudi. Kwenye tovuti yao kuna kikokotoo cha kujipima kabla, ni bure, kitumie kabla hujamlipa mtu yeyote.

Nimesema matumizi yanayokubalika, na hapa ndio pana kelele. IRS wana viwango vyao vya chakula na nguo kulingana na idadi ya watu nyumbani, nyumba kulingana na kaunti unayoishi, gari vilevile. Ukipanga nyumba ya 2,600 wakati kiwango cha kaunti yako kiko chini, kinachozidi kwa kawaida kinaachwa. Bima ya afya inaingia, dawa zinaingia, kulelewa watoto ili uende kazini kunaingia. Michango? Harusi ya binamu, msiba wa Bukavu, kamati ya kusafirisha mwili, ada za watoto wa dada Mwanza? Kwa kawaida haviingii. Fungu la kumi, mchungaji nisamehe, haliingii kwa kawaida. Malipo ya kadi za mkopo hayaingii. Kwa hio kwenye macho ya IRS ile 700 unayotuma nyumbani kila mwezi bado iko mfukoni mwako, na 700 mara 12 ni 8,400 inayoongezeka kwenye ofa yako. Sisemi uache kumtumia mama, mimi natuma pia, nasema jua kwamba haitahesabiwa, usije ukashangaa. Na hii ndio sababu mara nyingine mtu anaonekana maskini kabisa maishani lakini kwenye karatasi anaweza kulipa deni lote, huyo ofa haimfai, aombe kulipa kwa awamu. Deni lisilozidi elfu 50 pamoja na riba na faini unaomba mpango wa kila mwezi mtandaoni, unamaliza siku hiohio. Na mtu ambaye hata awamu hawezi, anaomba awekwe kwenye kundi la wasioweza kulipa kwa sasa, wanaacha kumkamata mshahara ingawa riba inaendelea.

Mnauliza pesa ya kupeleka. Ada ya maombi ni dola 205. Ya mkupuo unatanguliza asilimia 20 ya ofa, huyu mama wetu 2,590, ya polepole unatanguliza malipo ya mwezi wa kwanza na unaendelea kulipa kila mwezi wakati wao wanafikiria. Hio hela ya kutanguliza hairudi hata wakikataa, inaingia kwenye deni. Lakini kama kipato cha familia hakizidi mara mbili na nusu ya mstari wa umaskini wa serikali, yaani kwa mwaka 2025 kwa watu wanne ilikuwa dola 80,375, unatiki kisanduku hulipi ada wala kitangulizi wala ya kila mwezi wakati wa kusubiri. Wengi humu ndani mnaingia hapo. Kuna watu wamelipa 205 na asilimia 20 bure kabisa kwa kutotiki kile kisanduku, inaniuma kweli.

Makaratasi yenyewe ni kitabu kimoja, 656-B, ndani yake kuna fomu 656 ya ofa na fomu 433-A yenye OIC kwenye mabano, ya maisha yako yote. Ambatanisha stabu za mshahara, stetimenti za benki za miezi mitatu, akaunti ya biashara miezi sita, mkataba wa nyumba, barua ya mkopo wa gari. Cash App na Zelle ni benki pia, usijifanye hujui. Tengeneza nakala ya kila kitu. Na kuanzia leo kama una mpango huu, acha kupitisha hela za watu kwenye akaunti yako, ile ya "nitumie kwako halafu unipe kashi", manake kwenye stetimenti ni kipato chako mpaka uthibitishe vinginevyo.

Wakipokea wanasimamisha kukamata mshahara na akaunti, ingawa lieni, yaani dai lao juu ya mali yako, wanaweza kuiweka. Inachukua miezi mingi, lakini sheria inasema wakipita miaka miwili hawajaamua basi ofa imekubaliwa yenyewe. Katikati hapo afisa atakuandikia barua anataka karatasi fulani kabla ya tarehe fulani, fungua barua! Wakikataa una siku 30 za kukata rufaa.

Ila kuna kitu mtu hakuambii. IRS wana miaka 10 ya kukudai tangu siku deni lilipoandikwa, baada ya hapo linakufa lenyewe. Ukituma ofa, hesabu ya hio miaka 10 inasimama mpaka waamue, na wakikataa wanaongeza siku 30 juu, na muda wa rufaa pia. Mtu ambaye deni lake limebakiza mwaka mmoja na nusu akikimbilia ofa anaweza kuwapa serikali muda ambao hawakuwa nao. Tarehe inapatikana kwa kupiga hesabu kwenye transkripti ya akaunti, mpe mtu anayeelewa akuangalie. Upande mwingine, mwenye paspoti ya Marekani anayedaiwa zaidi ya elfu 60 na kidogo, kiwango kinapanda kila mwaka, anaweza kunyimwa kuihuisha, na ofa ikiwa inashughulikiwa inamkinga. Mwenye kuomba uraia naye, fomu ya uraia inauliza kama unadaiwa kodi, mwone loya wa uhamiaji na karatasi zako mkononi.

Hawa wa redioni sasa. IRS wenyewe wanawaita viwanda vya ofa na wamewaweka kwenye orodha yao ya utapeli ya kila mwaka. Utawajua kwa jambo moja, anakuhakikishia utapata kabla hajaona hata karatasi moja, halafu anataka elfu 4 au 5 leo. Mtu akikusaidia kisheria mbele ya IRS ni loya, au CPA yaani mhasibu mwenye leseni, au wakala aliyesajiliwa na IRS, na utamsainia fomu 2848. Mtu wa duka la kutuma pesa anayefaili kodi msimu wa Februari sio mmoja wao, hata kama ni shemeji yako. Kwa wenye kipato kidogo kuna kliniki za kodi, LITC, ziko nchi nzima, hawalipishi au wanalipisha kidogo sana, hawako chini ya IRS, na ukihitaji mkalimani waambie mapema. Orodha yao iko kwenye chapisho la IRS namba 4134.

Deni la jimbo na la mji ni mambo mengine. IRS wakikusamehe, Ohio haijakusamehe, deni la jimbo likikaa linapelekwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na mji wa Columbus una asilimia zake 2.5 wanazidai wenyewe. Mume na mke waliofaili pamoja wanadaiwa wote wawili hata wakiachana, na kama mume ndio alificha kipato na wewe hukujua, kuna fomu 8857, tuongee.

Ukishapata ofa, miaka mitano inayofuata faili kwa wakati na ulipe kwa wakati, ukikosa wanaweza kulirudisha lile deni lote la zamani pamoja na riba.

Kuna kaka kaniuliza mlangoni kama anaweza kuanza bila hela ya kitangulizi. Kaka, kipato chako ulichonitajia na watoto wanne unaingia kwenye kile kisanduku, ila 2022 na 2023 hujafaili, kwa hio wiki hii kazi yako ni transkripti na setlementi za lori, fomu 656 usiiguse bado. Wengine wenye barua za IRS ambazo hamjafungua zileteni hapa mezani, tutazifungua pamoja, tunaanza na zenye tarehe ya karibu.